Pampu ya Mguu

Kwa miaka kumi na moja Mzee Upepo aliendesha jipu la tajiri wake, dude refu lenye matairi ya meno. Liliundwa kwa ajili ya mchanga na mawe, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kula lami, kilomita mia sita kwenda mjini na mia sita kurudi. Jina la Upepo dereva alipewa na tajiri mwenyewe kwa dhihaka. Kila walipotoka kwenye machimbo ya mchanga, dereva alisimama pale lami inapoanzia, akarudisha upepo alioupunguza kule ndani. Tairi laini hupita mchangani bila kuzama. Kwenye lami, kwa mwendo wa kasi, hupata moto na kupasuka.

"Upepo ni upepo tu!" tajiri alimfokea siku ya mwisho, mbele ya vibarua. "Mvivu wewe! Shuka, acha ufunguo. Nitaendesha mwenyewe."

Mzee akatembea kilomita ishirini juani, viatu mkononi, kinyongo kifuani.

Aliyeko juu mngoje chini. Mzee akaenda kumngojea chini hasa: akafungua banda la matairi palepale lami inapoanzia, akawa anashinda magotini akiziba pancha.

Asubuhi moja jipu likatokea machimboni. Tajiri, suti nyeupe, akasimama kuomba maji ya kuoshea kioo. Hakumtambua. Mzee akayatazama matairi: upepo uliopunguzwa mchangani haujarudishwa, yote manne yamelala kama mbwa walioshiba.

Kumwacha aende ilikuwa rahisi, kufumba mdomo tu. Akaufumba. Tajiri akawasha gari. Hapo mzee akawaza: maiti haoni haya. Na yeye haya ndiyo aliyoitaka.

"Tajiri! Kwa matairi hayo hufiki. Yatakupasukia njiani."

Tajiri akashuka, akayaona, na safari hii akamtambua na mzee. Rangi ikamtoka.

"Wewe! Haya, jaza upesi. Nina mkutano saa tisa."

"Kompresa imekufa. Pampu ya mguu ile pale."

"Basi kanyaga."

"Nani, mimi? Mimi si ndiye mvivu, tajiri? Ulisema mwenyewe, watu wakasikia."

Lori la vibarua wa mchanga likasimama. Hakuna aliyetaka kupitwa na kioja hicho.

"Kanyaga, tajiri!" wakapiga kelele. "Upepo ni upepo tu!"

Tairi la kwanza, koti likavuliwa. La pili, shati likalowa. La tatu alikanyaga huku amekumbatia boneti kama mgonjwa. Mzee alikaa kwenye kigoda na geji yake, akipima: "Bado. Bado kidogo. Bado."

La nne lilipojaa, jua lilikuwa utosini na kilomita mia sita zilikuwa palepale. Tajiri akashika mlango apande.

Mwenye baiskeli akafika, tairi la nyuma limeisha upepo. Mzee Upepo akabonyeza swichi. Kompresa ikanguruma.

Tajiri akageuka.

"Imefufuka," mzee alisema, bila kuinua kichwa.