Vibao vya Kaka

Miguu yangu haijapata kutulia. Shule nimeisoma vipande vipande, na marimba nimefundishwa na kaka yangu kwa makonzi. Fundi alikuwa yeye. Alichonga vibao kumi na viwili, akavipatanisha kwa sikio lake tu, na alipokufa sauti zile zikabaki mahali pamoja: ndani ya vibao. Mtu wa safari kama mimi ningeviweka wapi? Nikampelekea daktari wa muziki pale chuo kikuu, avitunze, avifanyie utafiti.

Juzi binti wa marehemu akaniambia, "Baba mdogo, nichongee marimba kama ya baba." Mimi nikiwa na kibao mkononi naweza kukichongea mwenzake. Bila kibao, sijui kitu. Nikarudi chuoni kuviazima.

Chumba kina piano, viti vya plastiki na kabati la kioo. Marimba imo humo, imepigwa vanishi, kila kibao kimebandikwa namba kama mfungwa.

"Mzee wetu!" daktari akanilaki. "Umekonda. Huko safarini hakuna chakula?"

"Chakula kipo, meno ndiyo hayapo."

Tukacheka. Akanitolea marimba kabatini, nikapiga kibao cha kwanza. Nikapiga cha pili. Hazikuwa sauti za kaka. Nikaipindua marimba: tumboni mwa vibao kulikuwa na michubuko ya tupa.

"Nani kavigusa?"

"Aa, hiyo! Haikuwa inapatana na piano, mzee. Wanafunzi walitaabika. Fundi wetu akainyoosha kidogo."

"Kwani ilikuwa imepinda?"

"Haikupinda. Ilikuwa nje kidogo."

"Nje ya sikio la nani?"

Akaikimbilia kompyuta. "Usihofu, tumerekodi kibao kimoja kimoja. Nimeandika makala nzima juu ya sauti za kaka yako. Imesomwa hadi ng'ambo."

"Mlirekodi kabla ya tupa, au baada?"

Akafungua faili hili, akafungua lile. Akavua miwani, akaifuta, na haikuwa na vumbi.

"Baada," akasema.

Mti ukikatwa huchipua. Kibao kikikwanguliwa hakioti nyama.

"Ila hiki cha mwisho hatukukigusa," akasema, sauti imemshuka. "Kina ufa."

Nikakipiga. Kikakohoa kwanza, kisha nyuma ya kikohozi nikamsikia kaka. Sauti moja. Wimbo gani una sauti moja?

"Nakichukua."

"Mzee, kina namba ya chuo. Kuna fomu ya kujaza, kuna kamati..."

Nikatoa kisu, nikaikwangua ile namba, nikampa karatasi yake mkononi. "Nimekinyoosha kidogo tu, daktari."

Hakunizuia.

Nyumbani binti alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, kisha akatazama mkoba wangu.

"Na vingine, baba mdogo?"

Ningemwambia ni mimi niliyevipeleka kwa miguu yangu mwenyewe?

"Vingine," nikasema, "vimesomeshwa."