Mashine Husoma, Haichagui

Ewe vumbi la chumba cha kompyuta, simama wima, jipange mistari. Leo vinatangazwa vita vikuu, vita vya haki dhidi ya dhuluma, na jemadari wake ni msichana wa kidato cha nne asiyeona, ambaye bweni zima linamwita Sikio. Vumbi halikusimama. Lilimwingia jemadari puani, akapiga chafya, kichwa kikaangukia kibodi, na kompyuta ikazitaja moja moja herufi zote alizozigonga kwa paji la uso.

Maana ndani ya kompyuta yake inakaa sauti, kavu kama kuni, inayomsomea yaliyo kwenye skrini na kila neno analoandika. Kaiongeza kasi hata kwa masikio ya wengine ni nyuki ndani ya kopo. Kwake yeye ni maji ya mtungi. Mashine husoma, haichagui.

Adui alikuwa Makamu wa mkuu wa shule. Mbele yake, asali: mwanangu huku, mwanangu kule, tunakuombea. Nyuma yake, shubiri: kwamba alama zake za juu ananong'onezewa na mashine, kwamba mtihani wa mwisho aufanye bila hiyo, asomewe maswali na karani wa ofisi, yule anayesoma kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe. Sikio alimchukia Makamu kwa moyo, kwa ini, na chuki iliyobaki akaitunza kwenye figo.

Kikaja kikao cha kamati ya shule kuhusu mtihani wake, kikao cha kwenye kompyuta, kila mjumbe kwake. Sikio aliitwa mwanzoni ajieleze. Alipomaliza wakasahau kumtoa. Akanyamaza kama jiwe, akaanza kurekodi kila sauti iliyotoka kwenye kompyuta. Naye Makamu, ulimi usio na mfupa, akamwaga yote.

Lakini hasira haijui kukunja mikono. Huku anarekodi, huku anaandika, kwenye ukurasa mtupu ambao hakuna wa kuusoma. Alipoitwa mzigo, aliandika. Alipoitwa mwizi wa alama, aliandika kwa vidole vyote kumi, akijitapa peke yake. Mashine husoma, haichagui.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Mkuu wa shule, Makamu akiwapo. Alifuatana na rafiki yake Ghorofa, aitwaye hivyo kwa kuwa hulala kitanda cha juu yake. Rekodi ikafunguliwa. Makamu akasikika akikohoa, akasikika akisema "huyu binti", na hapo hapo nyuki wakajaa kopo. Kila alipofika penye sumu, nyuki walimfunika.

Hapo Sikio akaelewa. Anayerekodi vyote vitokavyo hurekodi na sauti ile ya mashine. Alikuwa ameizoea mno, hata hakuihesabu tena kuwa sauti, kama mtu asivyohesabu pumzi zake.

Makamu akacheka kwa pua. "Mnong'onezi mwenyewe huyo. Mnamsikia?"

Mkuu akauliza sauti inasema nini. Sikio akajibu kwamba haisemi kitu, ni kelele tu za mashine kuukuu.

"Si kelele," Ghorofa akasema. Miaka yote amelala juu ya sauti ile. Ameijua kama mtu ajuavyo ugomvi wa jirani. "Inasema: mimi ndiye niliyerekodi mkoromo wa Makamu nikauweka kwenye spika ya kengele ya shule, na bweni zima likaadhibiwa kufyeka nyasi, na wala sikusema."

Wote waliikumbuka kengele iliyokoroma kama Makamu alalapo maktaba. Viganja vya Ghorofa vilikuwa bado na malengelenge.

Makamu akaanza kushangilia. Ghorofa akamgeukia, sauti ileile, baridi ileile. "Hata wewe usifurahi, mwalimu. Haimnong'onezei. Inamrudishia alichoandika yeye. Ingekuwa inamsaidia, ingefunga mdomo."

Mkuu akamwambia Sikio: "Kama mwenzako anasema kweli, mashine utaingia nayo kwenye mtihani, na fyekeo utalishika. Kama ni mwongo, amedanganya yote mawili."

Kukana kulikuwa rahisi. Hakuna sikio jingine pale la kuidaka kasi ile. Lakini kumfanya Ghorofa mwongo wa mkoromo ni kumfanya mwongo wa mashine, na karani wa mawe alikuwa anasubiri ng'ambo ya mto. Sikio akamsikia Ghorofa akipumua kando yake, karibu, bila urafiki.

Vumbi la ofisini lilimkaa kooni. Safari hii hakupiga chafya. Alisimama wima, akalimeza.

"Ni kweli, Mkuu, yote mawili. Mkoromo ni wa Makamu, mkono ni wangu. Na hayo malengelenge, Ghorofa, ni yangu. Umeyabeba, nami kila usiku nakusikia ukiyapuliza."