Mazoezi ya Mifagio

Kila siku jua likianza kupungua makali, Baba huketi kwenye kigoda uani, na binti yake humkagua kabla hajaenda kulinda mtaa. Tochi ina betri, koti la kung'aa limefungwa vifungo, filimbi iko shingoni. Baba huipuliza mara moja kuijaribu. Mbwa wa jirani hujibu, na mtaa mzima hujua kwamba ulinzi umeanza.

Jioni moja filimbi ilikuwa bado mdomoni mwa Baba, Kinyozi alipoingia bila hata kupiga hodi, kitambaa cha kunyolea kikining'inia begani. Nyuma yake alikuja Fundi Bomba, uso ameukunja. Hao ndio waliokuwa wakizunguka na Baba kila usiku.

"Kamanda, mambo yamejipa," alisema Kinyozi. "Yule mwenye duka la saruji atatununulia bunduki mbili na kutushughulikia vibali. Anachotaka ni sisi watatu tukubaliane. Mimi nataka, huyu hataki. Umebaki wewe."

Baba alikaa wima. Maisha yake yote aliziba pancha za magari ya watu, na hakuna aliyewahi kumwita kamanda. Ukamanda ulimjia uzeeni, tena wa kujitolea, naye aliupenda kama mjukuu.

"Unaonaje, mwalimu?" alimuuliza binti yake, aliyefundisha watoto wa chekechea.

Binti alitaka kusema hapana.

"Naona chakula kitapoa," alisema, akajiendea zake nyuma ya nyumba kuanua nguo.

Huko aliwasikia wakibishana.

"Juzi tu tumemkimbiza mwokaji mikate mpaka akapoteza kiatu," Fundi Bomba alisema, "kumbe maskini anawahi kazini. Tungekuwa na bunduki je?"

"Ndiyo maana watu hufanya mazoezi," Kinyozi alijibu. "Kamanda, shika ufagio."

Basi watu wazima, wenye wake na wakwe, wakaanza kuviziana uani. Kinyozi alipata brashi ya choo kwa kuwa mifagio ilikuwa miwili tu. Baba alichuchumaa nyuma ya pipa la maji, jicho moja kalifumba, miwani imempanda kwenye paji la uso.

"Kwanza unauliza, nani wewe," Kinyozi alimwelekeza.

"Halafu?"

"Unasubiri ajibu."

"Nisubiri mpaka animalize?"

Hapo binti akatokea pembeni mwa nyumba na beseni kichwani, shuka moja likimwangukia usoni.

"Simama! Pa!" alifoka Baba.

Fundi Bomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Kamanda umemaliza ukoo wako mwenyewe."

"Hakumpata," Kinyozi alimtetea. "Nimeona mimi. Ufagio ulielekea kwenye paa."

"Nimkose mimi?" Baba aliinuka, amekasirika kweli. "Kwa umbali huu? Nimempiga hapa, kifuani katikati. Asingeinua hata mguu. Mwulizeni mwenyewe kama..."

Akakatiza. Ufagio ukashuka taratibu mpaka chini. Fundi Bomba hakuwa akicheka tena.

"Tuseme alijeruhiwa mkono tu," Kinyozi alijaribu.

"Nyamaza wewe," alisema Fundi Bomba.

Binti alitua beseni, akaanza kukunja lile shuka, pembe kwa pembe, ingawa lilikuwa bado bichi.

"Mwanangu, ni mazoezi," Baba alisema. "Nawe ulikuwa umefunikwa uso."

"Ndiyo, Baba."

"Na kiza nacho kinaingia."

"Ndiyo, Baba."

"Bunduki yenyewe naitafuta kwa ajili yako. Nani mwingine ninaye?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi sema kitu. Na usiniambie tena habari za chakula."

Binti aliendelea kulitazama shuka. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka yote.

"Sitaki ushike bunduki, Baba. Wezi siwaogopi sana. Mimi nikisikia unafungua geti usiku ndipo usingizi hunijia. Siku ukiwa na bunduki, nitakuwa nalisikia geti hilohilo, nikijiuliza kama nikija kukufungulia mlango utanitambua."