Boti ya Daktari wa Meno

Daktari wa meno alipostaafu alinunua boti, na mkewe akaiita mke mwenza. Hakukosea. Kila siku baada ya chai mzee aliiendea, akatia nanga pasipofika sauti ya mtu, akajilaza kwenye kochi mpaka jua limfukuze. Miaka thelathini na moja alikuwa amezungumza na watu wasioweza kumjibu, maana mikono yake ilikuwa vinywani mwao. Sasa hata hao alikuwa amewachoka.

Mambo yakaanza shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipofika na mabegi mawili na mitungi minane ya hewa. Hoteli aliyokuwa akifundishia uzamiaji ilikuwa imefungwa. Alikaa kimya siku tatu, na kwake yeye kimya ni ugonjwa. Siku ya nne mke wa daktari akaweka kikombe chini.

"Huyu mke mwenzangu kazi yake kunywa mafuta tu. Mpeni shughuli."

"Shughuli gani?" daktari akauliza, ingawa moyo ulishajua.

"Apeleke wazamiaji. Shemeji yako atashuka nao, wewe utashika usukani."

"Na kuongea nao?"

"Ataongea yeye. Wewe tabasamu. Meno si unayo?"

Basi boti ikavuliwa mapambo yake moja moja. Kochi likatolewa, ukawekwa ubao wenye matundu ya kusimamishia mitungi. Friji ikaondoka, likaja sanduku la huduma ya kwanza na oksijeni. Mkaguzi wa vyombo vya majini akahesabu jaketi za kuokolea, kisha akaitazama ngazi ya nyuma na kuikataa papo hapo. "Hii ya kupandia paka," alisema. Ikachomelewa nyingine. Daktari alisaidia yote hayo kwa uso wa baba anayemwoza binti yake kwa mkwe asiyemtaka.

Leseni ikatoka. Safari ya kwanza walikuja abiria wanne. Shemeji akawapa maelezo, na daktari akatabasamu kama alivyoagizwa, hadi mashavu yakachoka. Wakashuka. Alitarajia kufurahia kimya chake, lakini akajikuta ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, akifuata mapovu bila kupepesa macho.

Hazikupita dakika kumi, wote wakaibuka. Mmoja wao, fundi saa mwenye kitambi, alikuwa ameshika shavu.

"Jino! Jino lilitaka kupasuka!"

"Jino lenye uwazi ndani halipendi kina, maji hulibana," shemeji akaeleza, akimsukuma juu ya ngazi. "Shemeji, hebu mtazame."

Daktari akanawa, akawasha tochi, akachungulia. Akachungulia tena. Kisha akawa kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Vipi?" shemeji akauliza.

"Liliwahi kuzibwa. Chini ya kizibo pana uwazi."

"Nani huyo aliyeliziba hovyo hivyo?"

Mtu huitambua kazi yake kama mwandiko wake. Daktari akazima tochi. "Mimi."

Fundi saa akafunga kinywa, akamkodolea macho. "Wewe! Ulikuwa na ndevu! Uliniambia haitauma!"

"Nilimaanisha siku ile."

"Alaa!"

"Ni miaka kumi na sita, ndugu yangu. Saa unazotengeneza wewe hudumu mingapi?"

Fundi saa alifikiri kwa unyoofu. "Miwili. Mteja akiwa na bahati."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini na mapezi yake miguuni. Abiria wengine nao wakaangua kicheko, na daktari, aliyekuwa ameona aibu ya kutamani kuzama, akacheka pia.

Kesho yake aliomba kiti katika kliniki aliyowaachia vijana, akaliziba lile jino upya kwa mkono wake, polepole, akipumua kwa pua. Baada ya majuma mawili fundi saa alirudi kuzamia, safari hii na wakwe zake watatu.

Shemeji hakuliacha lipite hivihivi. Kwenye fomu ya abiria, chini ya maswali ya moyo na mapafu, aliongeza moja: "Je, umewahi kutibiwa na nahodha wetu?" Daktari alinuna siku nzima. Lakini siku mama mmoja alipoandika "ndiyo", alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akauliza, "La juu au la chini?" Wakaongea mpaka shemeji akawakumbusha kwamba boti bado imefungwa gatini.