Viti Viwili vya Mbele

Hodaya alipoposwa, kwa shangazi yake Solika aliomba mambo mawili: picha, na vitu vya bibi.

"Shangazi, nataka arusi yangu inukie nyumbani," alisema, akiwa amekaa juu ya meza ya jikoni kama alivyozoea tangu mdogo. "Hizi arusi za ukumbini ukibadilisha nyuso tu, hujui ni ya nani. Nataka gauni la Bibi siku ya hina. Nataka kikombe cha fedha cha Babu. Na shali yake ya sala tuitandaze juu ya nguzo nne, mimi na Elad tufungiwe ndoa chini yake."

"Na Bibi mwenyewe?" Solika aliuliza.

"Bibi si ndiye wa kwanza!"

Solika alikuwa amepiga picha za arusi za nusu ya mji wao wa Dimona. Mwenyewe hakuolewa. Aliishi na mama yake, Bi Freha, ndiye huyo Bibi, na siku hizi alifanya kazi sikio moja likiwa kwenye simu, maana akili ya mama ilikuwa ikija na kuondoka. Siku nyingine alikuwa Bi Freha yule yule mwenye ulimi wa pilipili. Siku nyingine alikuwa msichana wa Kiyahudi kule Sefrou, Maroko, anamngoja baba yake atoke sokoni.

Usiku wa hina walikusanyika nyumbani kwa Armand, mdogo wake Solika na baba wa bibi arusi. Bi Freha alikaa vizuri kwenye kochi. Alikula biskuti za lozi, akasema zimezidi sukari, akapiga vigelegele kuwashinda wasichana wote. Solika alimpiga picha akicheka. Halafu Hodaya akatokea chumbani amevaa lile gauni la mahameli ya kijani lililotariziwa nyuzi za dhahabu, gauni ambalo Bi Freha alipohama aliacha vyungu na magodoro Maroko ili lipate nafasi kwenye sanduku.

Mama akasimama.

"Sultana! Nani kakupa gauni langu?"

Sultana alikuwa dada yake, aliyezikwa zamani. Watu walicheka, wakidhani bibi anatania. Lakini alikuwa ameshaushika mkono wa gauni. "Livue! Umenichukulia kila kitu, sasa unataka na mume wangu?" Hodaya alipojaribu kumkumbatia, alipigwa kofi la uso, na mshono wa begani ukaachia. Ngoma zikanyamaza. Wazazi wa Elad wakainamia sahani zao.

Kesho yake Armand alikuja, na hakukubali hata chai.

"Dada, arusini Mama asije."

"Asije wapi? Ni mjukuu wake."

"Uliona mwenyewe. Mama yake Elad kamuuliza mke wangu Yardena kama huu wazimu ni wa ukoo. Yardena hakulala."

"Pole yake Yardena. Basi nirudishie kikombe, na shali, na ule mkanda wa gauni mnaotaka kufungia maua. Vitu vyake mnavitaka, mwenyewe hamumtaki? Ukipenda boga, penda na ua lake."

"Boga halipigi watu makofi, Solika."

Mama yao alikuwa chumba cha pili, anaimba wimbo wa kukanda unga. Armand akaurudishia mlango.

"Hodaya anasemaje?" Solika aliuliza.

"Analia tu. Anasema atafanya nitakalosema."

Solika angeweza kukataa kupiga picha. Lakini Hodaya ndiye mtoto pekee ambaye yeye aliwahi kumbeba mgongoni, na kumwachia mpiga picha wa kukodi siku ile aliona ni sawa na kumwachia mgeni ampeleke shule siku ya kwanza. Akakubali. Jioni ya arusi alimwacha mama kwa jirani, Perla, akapanda gari kwenda ukumbini Beer Sheva na shali ya baba yake imekunjwa kwenye kiti cha pembeni.

Kazi aliifanya kwa moyo wote. Alikiweka kikombe dirishani pete ikiwa ndani yake, jua la mwisho likapita kwenye fedha. Alipiga picha mkanda wa mahameli ulivyozungushwa kwenye maua meupe, na vidole vya Hodaya vyenye rangi ya hina bado. Alipiga picha ile shali ikifungwa kwenye nguzo nne, manjano kidogo ukingoni pale ilipogusa shingo ya baba yake miaka yote.

Ndipo Yardena akapiga makofi. "Haya, picha ya familia! Kabla ya rabi hajaanza kutuharakisha!"

Walijipanga, ndugu wa pande zote mbili. Mbele viliwekwa viti viwili. Armand akatokea amebeba picha mbili zenye fremu, akaziweka juu ya viti, moja moja, akizinyoosha. Ya kwanza ilikuwa ya baba yao Makhluf, marehemu. Ya pili ilikuwa ya Bi Freha siku aliyotimiza miaka sabini, amevaa lulu, anatabasamu.

Solika alikuwa ameshainua kamera. Kwenye kioo cha kamera aliwaona wazazi wake sawa kwa sawa, marehemu na aliye hai.

Mama yake Elad aliinama, akaugusa ukingo wa fremu ya Bi Freha. "Jamani! Naye? Lini tena? Mungu awarehemu wote wawili."

Armand alimtazama, akatazama saa, akasema, "Amina."

Kamera ikashuka.

"Umesema nini?"

"Solika, piga picha."

"Umesema amina. Mama yangu yuko hai," Solika alimwambia mama yake Elad, na sauti yake ikafika mpaka kwa wapiga muziki. "Yuko Dimona, kwa jirani, saa hizi anakula supu. Hakuja kwa sababu mwanawe kamwonea aibu."

"Wifi, si leo!" Yardena alisema, uso umemwiva.

"Leo ndiyo leo. Nyie mmemzika leo, mnataka nije kumlilia lini?"

Armand alimsogelea, meno yameshikana. "Kazi yako ni kubonyeza. Bonyeza."

Solika alimpa mgongo. Alimtazama Hodaya. Aliamini neno litatoka pale, hata moja tu, hata jina la bibi yake. Hodaya alikuwa ameshika maua kwa mikono yote miwili, wanja umeanza kumchuruzika.

"Shangazi," alisema polepole, "tafadhali piga tu. Watu wa Elad wanasubiri."

Solika alikwenda kwenye kile kiti, akaichukua fremu ya mama yake, akaigeuza kifudifudi juu ya begi lake la lenzi. Kisha akarudi mahali pake, akawapiga picha na kiti kimoja kitupu. Alizipiga zote, moja baada ya nyingine, bila kumwambia mtu acheke.

Ndoa ilifungwa chini ya shali. Elad alivunja gilasi kwa kisigino, kama desturi, watu wakapaza pongezi, "Mazal tov!" Solika alizipata picha zote, hakukosa hata moja, na hakula hata tonge. Alimtumia Armand kazi yake, na baada ya hapo ndugu hao hawakusemezana.

Wakati wa baridi Bi Freha alilala mchana asiamke tena. Siku saba za matanga walikaa nyumbani kwake, Solika na Armand kwenye viti vifupi, bega kwa bega, kama sheria ya dini inavyotaka, wakiongea na wageni tu. Hodaya alikuja na tumbo la miezi mitano. Alikuwa amebeba albamu ya arusi, akaiweka mezani kati ya mayai na zeituni.

Wanawake wa mtaani waliifunua. Kwenye picha ya familia, kile kiti kilichokuwa kitupu sasa kilikuwa na mtu. Bi Freha alikuwa amekaa pale mzimamzima, ana lulu, anatabasamu. Fundi wa kompyuta alijua kazi yake. Kivuli kilikuwa kimekosewa tu, kimeangukia upande usio wake, jambo ambalo halionwi na mtu asiye mpiga picha.

"Angalieni alivyopendeza!" Perla alisema. Alizeeka sana mwaka ule, na jioni ya supu, Bi Freha alipokuwa kwake, alikuwa ameisahau. "Ashukuriwe Mungu, aliwahi kumwona mjukuu wake akiolewa. Alifurahi, Solika?"

Armand akasogeza sahani ya zeituni. Hodaya alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo, anamtazama shangazi yake kwa macho ya kuomba, yale yale ya chini ya taa za ukumbi.

"Alifurahi," Solika alisema.

Akainuka kwenda jikoni kuongeza mnanaa kwenye chai. Alikaa huko muda mrefu, maji yakachemka mpaka yakakauka.