Mchanga wa Bibi Harusi

Mimi hasira zangu ziko puani, Mbinga nzima wanalijua hilo. Mdogo wangu Othmar aliporudi kutoka Tanga, kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia, hata pole sikuanza nayo. Nilianza na, "Na hili sanduku la kioo ni la nini?"

Alikuwa amefanya kazi ya kufuga samaki wa baharini miaka kumi na minane. Sasa alibakiwa na mmoja tu, mwenye rangi kama kitenge cha sherehe, akimwita Bibi Harusi. Kioo tulikiweka sebuleni, chumvi ya kuchanganyia maji alikuja nayo kwenye ndoo. Mchanga ndio haukufika. Mfuko ulipasukia ndani ya basi, konda akaufagia wote. Kumbe samaki yule akitaka kulala hujifukia mchangani mwili mzima. Alipoukosa, kila giza likiingia akawa anajigongagonga kwenye kioo.

"Dada, nitafutie mchanga," Othmar akaniambia. "Wa pwani ndio mzuri, una chokaa ndani yake. Lakini hata wa ziwani utafaa, ukiwa laini na safi."

Nikapanda basi mpaka Mbamba Bay, ziwani, nikarudi na ndoo ya mchanga. Othmar akaupitishia sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, chembe nyeusi zikairukia. "Hizi zina chuma. Zitamuua." Nikateremka tena, mara hii Liuli, nikaja na mwingine. Akautia kwenye glasi ya maji, akakoroga, maji yakawa kama togwa. "Huu una tope, dada." Jamani! Na kahawa yangu imeiva mtini, vibarua wananingoja!

Kila mchanga aliupima pia kwa mkono ule mgonjwa. Daktari alimwambia aushikishe vitu vinavyokwaruza na vilivyo laini, ili ukumbuke kazi yake. Alifumba macho, akapekecha chembe taratibu kati ya vidole, kisha akasema, "Bado sisikii kitu." Lakini hakuacha. Mkono ukirudi, naye atarudi kazini. Hakuwa na tumaini jingine.

Safari ya tatu sikwenda. Niliaga kwamba nakwenda Liuli, nikaishia kwa shoga yangu Emerensiana kushinda kutwa. Jioni nikapita kwa jirani anayejenga, nikachota mchanga wa lipu. Nikauchekecha kwa chekeche la unga, nikauosha mpaka ukang'aa. Mchanga ni mchanga bwana, nikajiambia.

Othmar akafumba macho, akapekecha. Akashtuka.

"Dada, huu unachoma."

"Unachoma nini? Mimi nimeushika, laini kabisa. Mkono huo unakudanganya."

"Kweli, dada?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Akapekecha tena. Akautazama mkono wake, akaulaza pajani. "Haya. Wewe ndiye mwenye mkono mzima," akasema, tukaumwaga ndani ya kioo.

Siku ya nne tulimkuta Bibi Harusi anaelea, ubavu umechanikachanika. Othmar akamtoa, akamlaza kwenye sahani. Kisha akachota mchanga kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akaupekecha.

"Umeutoa wapi?"

Nikamwambia, "Kwa jirani. Ni wa lipu."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata nafuu. Hakupandisha hata sauti.

"Kwa hiyo mkono ulisema kweli," akasema. "Ulikuwa umeamka, dada. Siku niliyoingoja miezi yote hii ndiyo ilikuwa ile, nami nikauona mwongo."

Nimemwomba msamaha mara nyingi, na kila mara ananijibu kwamba yalishapita. Mkono unazidi kupata nguvu. Juzi amefunga vifungo vya shati mwenyewe, nikafurahi, halafu nikaenda jikoni kulia. Maana siku hizi nikimpelekea chai nikamwambia imepoa, anywe tu, mdogo wangu hainywi hivi hivi. Anachovya kidole kwanza.