Kiraka cha Jumamosi

…na ule mstari wa kijani uko palepale, umevuka nusu ya skrini ukaganda, na Fundi anautazama kama anayetazama maziwa jikoni, ukigeuza shingo tu yanafurika, simu ameilaza kando ya kibodi, spika iko wazi, lakini ndani yake hakuna tena sauti ya mtu, kuna sauti ya nyumba, ndala zinaburuzwa sakafuni, kabati linafunguliwa, maji yanamiminwa kwenye kikombe, kwa sababu yule mtu amesema samahani kaka, nipe dakika, mtoto anaita, akaenda bila kukata simu, na mtoto anayeita ni wa Fundi. Wake wa kumzaa. Ana homa leo, hakwenda shule, mama yake yuko kazini, na yule mtu amebaki naye anafanya kazi akiwa nyumbani, hayo ameyasema mwanzoni kabisa kwa ule ustaarabu wake, asije baba akasikia kikohozi kwenye simu akashtuka, ni homa tu kaka, inashuka… kaka, kaka gani, nani kaka yake, na bado huwezi kumkatalia mtu neno kaka, utaanzia wapi. Mtaratibu. Ndilo jina alilompa moyoni siku nyingi, kwa kejeli, kwa sababu mtu huyo hata akimwaga chai anaimwaga taratibu, na sasa jina limemzoea mwenyewe, kejeli imeishia njiani, limebaki jina tu. Nyuma ya kioo feni ya seva ya tatu inalia, hailii kama feni, inalia kama mtu anayesaga meno usingizini, na ikinyamaza ndiyo imekufa, na ikifa maabara nzima ya hospitali hii itabaki bila majibu ya vipimo, ndiyo maana Mama wa Maabara ameshachungulia mara mbili mlangoni, miwani juu ya nywele, mara ya pili akauliza kama hiyo mashine yake bado inawaza au imelala kabisa, Fundi akamwambia inawaza, mama akasema basi waambie wenzake waisaidie, maana huku nina watu wamenyoosha mikono, akaenda zake na viatu vyake visivyo na sauti. Seva ni tatu, zimepangwa kwenye kabati la chuma, na ndani ya kila moja zinaishi mashine nyingine zisizo na mwili, ya masjala, ya famasi, ya maabara, mashine za kufikirika zinazofanya kazi za kweli, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuihamisha moja kutoka seva hii kwenda ile ikiwa macho, katikati ya kazi, na anayeitumia hata hajui kwamba imehama, sharti ni moja tu, seva zote ziwe zimewekewa viraka vilevile vya programu, zilingane, na leo hazilingani, ya tatu imekataa katakata kuitoa mashine ya maabara, imeandika kwa maandishi mekundu kwamba huko inakotakiwa kwenda matoleo ni tofauti… ikiwa macho, bila kujua. Mwanawe Kijiko naye alihama akiwa macho, lakini alijua, alishika mfuko wake wa nguo mwenyewe, akamwuliza baba yake kama kule kuna taa ya kulalia, na yeye akajibu ipo, wakati hakuwa akijua lolote kuhusu kule.

"Baba, siitaki hiyo," inasema simu, mbali, na Fundi moyo unampiga kabla akili haijamwambia kwamba haitwi yeye. Baba. Mwaka jana ilikuwa baba mdogo, alilisikia kwa masikio yake pale kwenye lango la shule, baba mdogo amenileta, na akalikubali, baba mdogo ni neno lenye mipaka, linajua mahali pake pa kukaa, lakini sasa lile mdogo limedondoka njiani na hakuna aliyerudi kuliokota, wala hakuna aliyemwambia. Na yeye ndiye aliyemleta mtu huyo nyumbani, hilo ndilo huwa linamtafuna, siku zilipofungwa hizi seva Mtaratibu alitumwa na kampuni iliyoziuza, wakashinda wote hapa sakafuni katikati ya nyaya na maboksi, wakachekeana, na jioni Fundi akamwambia twende kwangu ule chakula cha watu, akaenda, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, na alipoondoka, mke wa Fundi akasema, huyu mtu anasikiliza. Na ukweli usemwe, hakuna kilichotokea siku ile wala mwaka ule, ndoa ilikuwa imeshachoka yenyewe kwa miguu yake, waliachana bila kurushiana hata kikombe, na Mtaratibu alikuja baadaye sana, ila usiku mtu haupangi ukweli kwa tarehe, mtu anaanzia pale kwenye sahani, anamwona ameegemea sinki, mikono ya shati imekunjwa, anaosha, taratibu… Mstari umesogea? Haujasogea. Anaweka kidole kwenye kioo cha skrini, mwisho wa ule ukijani, kama anayeweka alama. Ni seva ya kwanza hiyo, mizigo yake wameihamishia kwenye ya pili, ikabaki tupu, sasa inawekewa kiraka sahihi, ikimaliza italingana na ya tatu na mashine ya maabara itavuka, na aliyegundua yote hayo ni Mtaratibu, kwa simu, kutoka sebuleni kwake, Fundi alishinda nazo asubuhi yote namba zinamwambia zinalingana, na Mtaratibu akasema kwa upole, usisome namba ya juu kaka, ifungue, isome ile ndefu ya ndani, na ya ndani ikawa tofauti. Kiraka kilitolewa mara mbili. Cha kwanza kilikuwa na kasoro, kikaondolewa, kikaja cha pili kimevaa namba ileile kwa nje. Ya kwanza na ya pili zina kile kibovu, aliziwekea Jumamosi kwa mkono wake, ya tatu ilikuwa kwa mafundi wa umeme, ikaja kuwekewa Jumatatu, ikapata kizuri bila yeye kujua. Na hapo ndipo Mtaratibu alipouliza, bila ukali, ndiyo ubaya wake, hana ukali hata wa kushikia, "Ule ujumbe wangu wa Ijumaa, wa kuzuia kile kiraka cha kwanza, ulikufikia kaka? Maana kama haukufika kwako, huenda haukufika kwa wengine, nitakuwa mimi ndiye niliyewaangusha, na itabidi nikamwambie mkubwa wangu leo." Fundi akavuta pumzi ajibu, na mtoto akaita.

Haukufika. Ni neno moja, halina uzito, halina harufu, barua pepe hupotea kila siku na hakuna anayezifanyia matanga. Akisema haukufika, basi hapa hospitalini ameponea, hakuna atakayemwuliza kwa nini seva zilipishana, na kule Mtaratibu ataingia kwa mkubwa wake na lile koti lake la kijivu, atasema ni kosa langu, ataamini kwamba ni kosa lake, atashinda wiki nzima akiwapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba radhi, na jioni atarudi nyumbani amechoka, amepungua kidogo, na labda mtu fulani pale mezani atamwona amepungua… na Fundi anashangaa jinsi wazo hilo lilivyo tamu, limekaa mdomoni kama pipi, analizungusha. Kwa sababu ujumbe ulifika. Ulifika, ukaenda moja kwa moja kwenye kabrasha alilolitengeneza mwenyewe, kila kinachotoka kwa mtu yule kinaingia mle bila kupita machoni pake, alilitengeneza siku aliposikia wamehamia nyumba moja, halina hata jina, na hajawahi kulifungua, anaweza kulifungua sasa hivi, kipanya kiko mkononi, na hafungui. Feni inasaga meno. Kwenye simu Mtaratibu anasema dawa ni kijiko kimoja tu, na mtoto anasema ni chungu, na kikohozi, kile kikohozi chake cha kubweka, alikuwa nacho tangu mchanga, ulikuwa unambeba begani unazunguka naye chumba mpaka… nani anambeba siku hizi. "Haya, Kijiko, fumba macho," anasema Mtaratibu, na Fundi anakaa wima kwenye kiti. Kijiko! Hilo ni lake. Yeye ndiye aliyempa, meno hayajaota bado, alikuwa haachi kijiko hata akilala, anakinyang'anya mkononi mwa yeyote, na yeye akasema huyu siyo mtoto, huyu ni kijiko, mke wake akacheka mpaka akakaa chini, na sasa jina limebebwa pamoja na mfuko wa nguo, limetundikwa kwenye ukuta wa mtu, na mtu huyo analitumia kama amelikuta hapo. Sasa amebakiwa na nini, Jumamosi, amebakiwa na Jumamosi, siku yake ya kwenda kumwona, na hata Jumamosi iliyopita hakwenda, alimtumia mama wa mtoto ujumbe kwamba kazi imembana, ana viraka vya kuweka, haviwezi kungoja, akaja hapa akakaa kwenye kiti hiki… "Hodi," inasema simu. Sauti ya Mtaratibu, imebanwa puani, inajifanya ya mtu mwingine. "Hodi hapo mdomoni." Na mtoto, kwa uvivu wa homa, "Nani?" "Mimi mgeni." "Umebeba nini?" "Nimebeba mzigo mchungu." "Haya pita." "Ahsante, ngoja nikae hapa sebuleni nipumzike," na mtoto anapaza sauti, imekwaruza lakini imejaa, ya mtu aliyeudhika kwa haki, "Siyo hivyo! Mgeni hakai sebuleni. Akikaa sebuleni nyumba yote itanuka. Anapita moja kwa moja jikoni. Baba ndivyo anavyosema."

Fundi ameshika ukingo wa meza. Ulimi ni sebule, tumbo ni jikoni, aliyatunga hayo usiku mmoja wa homa kama hii, hakuwahi kumfundisha mtu, hakujua hata kama yamehifadhiwa mahali… "Nimekosea," anasema Mtaratibu, "mimi huwa nakosea hapo. Niambie tena baba yako anavyosema." Na mtoto anamwambia, tangu mwanzo, hodi, nani, mzigo, mpaka jikoni, anamsahihisha mtu mzima neno kwa neno, kisha sauti ya kumeza, kisha kikombe kinawekwa. Angekuwa anakosea kwa makusudi, Fundi anawaza, angekuwa anafanya kusudi kwa sababu anajua spika iko wazi, ingekuwa rahisi, ungemchukia kwa hilo, lakini mtu huyo hajui kuigiza, anakosea kweli, ameusikia mchezo wa mtu mwingine nusunusu kutoka kwa mtoto na anajitahidi nao, na wivu hautoki, unabadilisha tu mahali pa kukaa, sasa anamwonea wivu kwa kuwa pale dawa inapomezwa, kwa kukosea na kusahihishwa, kwani naye angekwenda Jumamosi angekuwa na mtu wa kumsahihisha, na alikuwa wapi Jumamosi, alikuwa hapa, anaweka kiraka ambacho tangu Ijumaa mtu alikwisha kumwandikia asikiweke. Mtu yuleyule. Angelifungua lile kabrasha Ijumaa angekuwa na Jumamosi yake nzima. Hakunyang'anywa hiyo. Hiyo aliitoa mwenyewe, akaifungia mle ndani. Feni inalia bado, mstari uko palepale, chini ya kidole chake, wala haujasogea kwa unywele, Mama wa Maabara amesimama tena mlangoni na miwani yake, na ndala zinarudi, zinakaribia, "Unaongea na nani?" inauliza sauti ndogo nyuma yake, na Mtaratibu anajibu, "Na baba yako, tuko kazini, tukimaliza atakusalimia," na kiti kinasogezwa, na pumzi ya mtu inajaa kwenye spika.

"Nipo kaka, samahani sana. Tulikuwa wapi?"

"Kwenye ule ujumbe wako," anasema Fundi, huku akilifungua lile kabrasha.